Sebule ya Minong'ono

Dada Mkubwa alianza na saa ya ukutani. Aliitoa kwenye msumari, akaichomoa betri, akaizungushia kanga na kuisukuma chini ya kitanda, akisema mgonjwa wa presha hatakiwi kusikia dakika zake zikihesabiwa. Ikafuata televisheni. Likafuata kabati la vyombo ambalo vioo vyake vililia kila mtu alipopita, yakafuata na maua ya plastiki yaliyokuwa yamekula vumbi mpaka yamebadilika rangi. Alikuwa na haki ya kuamrisha. Kazi yake ilikuwa kusimamia vyumba katika nyumba ya wageni huko mji wa pili, na watu walitoka mbali kuja kulala pale kwa sababu ya utulivu tu.

Sebule ni kama uso wa mtu, alisema. Ukiingia tu, unajua kama umekaribishwa au umekaripiwa.

Mdogo wake alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini zimejaa mdomoni, anakunja pindo la pazia. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, na alikuwa bado kwa wazazi, anashona nguo za watu kwenye kibaraza. Pazia lenyewe lilikuwa zito, la kijani kilichokolea, lina bitana, na sindano ya cherehani ilikuwa imeligomea mpaka akaibadilisha. Ndilo lililotakiwa kuizuia barabara yote isiingie: mashine ya kusaga ya jirani, pikipiki, wauza maji, na jua lenyewe. Dada Mkubwa alitaka mle ndani kuwe na mwanga wa alfajiri mchana kutwa, na taa moja ya mezani yenye kofia ya kitambaa, basi.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya Mama. Alianguka jikoni siku ambayo Dada Mkubwa alikuwa amekuja kusalimia, na ni yeye Dada aliyemdaka kabla kichwa hakijafika kwenye jiwe la kusagia. Alimshika hivyo hivyo mapajani mpaka hospitali. Tangu siku hiyo mikono yake haikutulia. Daktari alisema maneno machache: asishtuliwe, asipigiwe kelele, asiudhiwe. Safari hii mishipa imesamehe. Nyingine, huenda isisamehe.

Na kelele za nyumba ile kila mtu alizijua zilikotoka. Baba, au Fundi Bati kama mtaa ulivyomwita, alikuwa akitengeneza masanduku, makarai na mifereji ya mvua pale uani tangu kabla mabinti zake hawajazaliwa, na sauti yake ilikuwa imelelewa na nyundo. Akisema mezani aletewe chumvi, jirani alileta.

Kwa hiyo Dada Mkubwa aliweka sharti, na alilisema bila kuzunguka. Angempa Baba wiki moja. Akikuta bado anamfokea mgonjwa, angemchukua Mama akaishi kwake, na Fundi abaki na mabati yake.

Kitinda alizitema pini kiganjani. "Dada, hawa wawili hawajawahi kulala nyumba mbili."

"Wamelala. Hospitali, tangu juzi."

"Na uliona Baba alivyokuwa."

"Niliona Mama alivyokuwa," alijibu Dada Mkubwa. "Sitaki kumdaka tena. Safari nyingine nitachelewa."

Kitinda akayapima yote mawili. Akimwacha Mama abaki na kelele zimuue, lawama ni yake aliye ndani. Akimwacha aende, alijua Mama angekaa kwenye kile chumba kizuri cha ugenini akitazama mlango mpaka akatike moyo. Na Baba je? Huyo hata chai hakuwa akiinywa kabla mkewe hajaigusa kwanza kuona kama imepoa. Akarudisha pini mdomoni, akaendelea kukunja.

Jioni Baba aliingia kutoka uani, anajifuta mikono kwa tambara, akasimama katikati ya sebule iliyobaki tupu. Akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Nani amekufa?" aliuliza, na sauti yake ikagonga kuta.

Dada Mkubwa akaweka kidole mdomoni.

Mama aliletwa kutoka hospitali siku iliyofuata. Walimlaza kwenye kochi refu, mgongo kwa mlango wa uani, mito mitatu, shuka laini miguuni. Kiti cha Baba, kile cha mikono ya mbao ambacho siku zote kilitazamana na cha Mama karibu na dirisha, kilisogezwa nyuma ya kochi, kule karibu na mlango huo, ili vumbi la bati na sauti yenyewe vibakie hukohuko. Miguu ya viti ikavalishwa vitambaa. Zulia likatandikwa. Mtu akiingia alihisi masikio yamezibwa pamba.

Wakaanza kuishi kwa kunong'ona. Baba siku ya kwanza alisahau, akaingia akiuliza mgonjwa wake ameamkaje, na Mama akashtuka mpaka kikombe kikamwagika. Dada Mkubwa alimfuata mpaka mlangoni, akamweleza taratibu huku akitazama chini kwa adabu ya binti kwa baba. Baba aliitikia kwa kichwa. Kitinda alimwona anavyoitikia, haraka haraka, kama mtu anayetaka yaishe.

Mchana huohuo likatokea la maji. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha nyuma, ametazama ukuta. Mama akapapasa shuka, akasema ana kiu. Dada Mkubwa, akiwa nyuma ya Baba, alimwambia kwa sauti ya chini ampe Mama ile bilauri iliyokuwa kwenye stuli kando yake. Baba hakugeuka. Dada akarudia. Baba akakuna goti, akaendelea na ukuta wake. Dada Mkubwa akaja kuichukua bilauri mwenyewe, akampelekea Mama, na alipompita Kitinda macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeshuhudia. Mkewe ana kiu, na yeye ametulia kama jiwe. Nilidhani ni hasira tu. Kumbe ni roho mbaya."

Akaondoka kesho yake kurudi kazini, akamwachia Kitinda mashine ya kupimia presha na amri ya kumpigia simu kila jioni.

Basi Kitinda akawa anapima na anaripoti. Jambo la ajabu ni kwamba Baba alikuwa ameacha kufoka. Alikuwa ameacha kusema kabisa. Aliingia kwa ncha za vidole, akakaa nyuma gizani, akakodoa macho kuwatazama mke na binti wakinong'onezana. Wakinyamaza, anawatazama bado. Mara moja aliuliza wanasema nini, na Kitinda akamtikisia kichwa kwamba si kitu, maana kwa kweli walikuwa wakizungumzia uji. Uso wa Baba ukafunga kama duka. Akainuka, akaenda uani, na nyundo ikaanza kulia kwa namna ambayo haikuwa ya kutengeneza kitu.

Na presha ya Mama haikushuka. Ilipanda. Ilipanda ndani ya utulivu ule wote, kwenye mito mitatu na taa ya kofia. Mama alikuwa akilala na shingo imepinda, kila mara anajaribu kugeuka atazame nyuma, na Kitinda kila mara anamrudisha kwenye mto, pole Mama, daktari amesema utulie. Kwenye simu Dada Mkubwa alisikiliza tarakimu, akavuta pumzi. Ni yeye huyo, alisema. Hata akinyamaza, anamkaa Mama kifuani. Jumapili wiki inaisha, nakuja kumchukua.

Kitinda alikuwa mtu wa kutazama. Fundi wa nguo asipotazama anakata kitambaa cha watu. Jumamosi asubuhi alikuwa amekaa uani chini ya jua kali, anafumua pindo la sketi, Baba yuko kwenye kazi yake, alipoingia mama mmoja muuza mboga kutaka sanduku la mwanawe anayekwenda bweni. Mafua yalikuwa yamemkausha koo. Alifungua mdomo, hewa tu ikatoka. Akajishika shingo, akacheka kwa ishara, akaendelea hivyohivyo kuchezesha midomo.

Kitinda, aliyekuwa hatua chache tu kutoka hapo, hakuambulia neno. Akaweka sketi chini aje amsaidie Baba.

Baba hakuhitaji msaada. Alikuwa akimtazama yule mama usoni, nyundo imetulia mkononi. "Hapana, la kufuli mbili litakuwa zito kwa mtoto," alimwambia. "Moja inatosha, nitakutilia na pete ya mnyororo. Bluu ninayo." Yule mama akachezesha midomo tena. "Ijumaa," Baba akajibu. "Na unywe tangawizi, hilo koo litakuua." Mama muuza mboga akacheka bila sauti, akaenda zake.

Kitinda alibaki na sindano imeganda hewani.

Vitu vikaanza kumjia kimoja kimoja, tena vya zamani. Baba anavyomkaripia akiongea na pini mdomoni. Maisha yake yote alidhani mzee anaogopa asije akazimeza. Baba anavyofoka zaidi umeme ukikatika. Baba anavyochagua kiti, siku zote mgongo ukutani na dirisha usoni kwa wengine. Na Mama. Mama hakuwahi kumwita Baba kwa mbali kama wake wengine wanavyoita. Alikuwa anakwenda mpaka alipo, anamgusa kwanza mkono wa shati, ndipo aseme. Watoto walizoea kuwatania kwamba bado ni wachumba.

Aliingia ndani akikimbia, akapiga magoti mbele ya kochi. Mle gizani ilibidi asogee sana ndipo auone uso wa Mama.

"Mama. Baba hasikii?"

Mama akafumba macho. Kitinda akaogopa, akamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo.

"Husikia kwa macho," Mama alisema. "Akiona mdomo, yuko sawa kama mimi na wewe."

"Na mlituficha."

"Si siri yangu. Fundi wa bati hujua kazi kwa mlio wake. Watu wakijua hasikii, nani atamletea kazi? Aliniapisha. Na wewe unaniapia sasa hivi, hutamwambia mtu. Dada yako hasa. Ataifanya ugonjwa, amtembeze mahospitalini kama mbuzi wa mnada."

"Mama, Dada anakuja kesho kukuchukua."

"Niapie."

Kitinda akaapa. Angefanyaje? Alikuwa bado amepiga magoti, anajiuliza aanze na lipi, kiti au pazia, ndipo aliposikia mlango wa gari ukifungwa nje. Dada Mkubwa hakuwa amesubiri Jumapili. Tarakimu za jana zilimnyima usingizi, akaomba ruhusa, akaja.

Aliingia na begi tupu begani, akavua viatu, akambusu Mama kwenye paji, akaitazama mashine ya presha pale mezani na kuisukuma pembeni, kama mtu asiyetaka kuambiwa tena. Kisha akaenda chumbani na kurudi na nguo. Alikunja kanga, akakunja magauni, bila sauti hata moja, kwa ule ustadi wake wa nyumba ya wageni.

Mama akasema hataki. Alisema kwa kunong'ona, kama walivyomfundisha wiki nzima.

"Usijichoshe, Mama. Ni kwa muda tu."

"Dada, ngoja kidogo," Kitinda alisema. "Ngoja tusogeze tu..."

"Tusogeze nini? Nimesogeza kila kitu humu. Kimebaki kimoja nisichoweza kukisogeza, na hicho kiko uani."

Nyundo uani ilikuwa imenyamaza. Wote watatu waligundua kwa pamoja. Mlango wa nyuma ukafunguka, na Baba akasimama pale, ametoka kwenye jua kali kuingia gizani, haoni kitu ila vivuli. Kivuli cha mtu amelala. Kivuli kimemwinamia. Begi. Mkononi bado alikuwa na nyundo yake ya mti, amesahau kuiweka.

"Kuna nini humu?"

Dada Mkubwa akanong'ona, Baba, taratibu tafadhali.

"Nimeuliza kuna nini. Mbona mnamkunjia nguo? Mnanificha nini wiki nzima?" Sauti ilipanda, ikajaa chumba kile kilichotengenezwa kisijae chochote. "Ameshakufa? Niambieni kama ameshakufa."

Mama alikuwa ameanza kujipindua kwenye mito, anajaribu kuinua mkono juu ya mgongo wa kochi ili uonekane. Mshipa wa shingo ulimsimama kama kamba. Pumzi zikawa fupi, moja juu ya nyingine. Dada Mkubwa akaruka akasimama kati ya kochi na Baba, mikono ameitanua, anaitazama ile nyundo.

"Usimsogelee," alisema, na hapo hakunong'ona.

Baba akapiga hatua.

Kitinda alikuwa dirishani. Hakukumbuka baadaye amefikaje. Alilishika pazia kwa mikono miwili, lile la bitana, lililoishinda sindano, akajibwaga nalo chini kwa uzito wake wote. Bomba la pazia lilichomoka na vipande vya ukuta. Jua likaingia kama maji ya bomba lililopasuka, na nyuma yake ikaingia barabara nzima: mashine ya kusaga, pikipiki, mtu anampigia kelele mbuzi.

"Umepagawa wewe?" Dada Mkubwa alisema.

Kitinda hakumjibu. Alikivuta kiti cha mikono ya mbao, kikaburuza na vitambaa vyake miguuni, akakizungusha mbele ya kochi, kikatazamana na Mama ana kwa ana. Kisha akaenda kusimama mbele ya Baba, mahali ambapo jua lilimpiga yeye usoni. Alikuwa ameapa hatasema. Akafungua mdomo wake na kuyapanga maneno moja moja, bila kutoa sauti hata kidogo.

Baba akamtazama. Mabega yakamshuka.

"Mzima?" aliuliza. "Mzima kweli, au unanifariji?"

Kitinda akachezesha midomo tena.

"Haya, nakaa," Baba alisema. "Si ungesema tangu mwanzo." Akaweka nyundo chini, akampita Dada Mkubwa kama anavyopita nguzo, akakaa kwenye kiti chake.

Dada Mkubwa alikuwa bado ametanua mikono. Alimtazama mdogo wake, akamtazama baba yake, akarudi kwa mdogo wake, na midomo yake ikaanza kucheza kidogo, kama anajaribu maneno fulani bila sauti. Mikono ikashuka polepole.

Mama alikuwa ameupata mkono wa shati. "Fundi," alisema, naye hakunong'ona, alifungua mdomo wote. "Wiki nzima natafuta shingo ya kukugeukia, nimekosa."

"Nilijua wanakuaga," Baba alisema, kwa nguvu. Mama akambana mkono. Sauti ikashuka papo hapo, ikawa ya mtu wa kawaida, hata nzuri. "Nilijua wanakuaga na mimi sialikwi."

Dada Mkubwa akaja akakaa sakafuni kando ya kochi, juani, kwenye vipande vya chokaa. Alisubiri mpaka Baba akamwona.

"Tangu lini, Baba?"

Baba alimkata jicho Kitinda. Kitinda akatikisa kichwa: hakusema. Baba akafikiri kidogo, akalipima hilo, akaona ni kweli hakusema.

"Imekwenda polepole," alijibu. "Ulipoolewa nilikuwa nasikia ngoma, nyimbo sizisikii. Hao wanao, nimewaona wakilia. Sijawasikia."

"Na kufoka?"

"Nafoka? Mimi najipaza nijue kama nimesema."

Dada Mkubwa akauficha uso kwenye shuka la Mama. Mabega yalimtikisika. Kitinda alikuja na mashine ya presha, akaufunga ule mkanda kwenye mkono wa Mama ulio huru, kwa kuwa mwingine haukuwa tayari kuachia shati. Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Bado ilikuwa juu. Si ya kwenda hospitali, lakini juu. Wote waliitazama, na hakuna aliyejifanya hajaona.

"Siendi," Mama alisema.

Dada Mkubwa akainua uso. "Kesho tunapima tena. Na Jumatatu. Ikipanda zaidi ya hapa, Mama, unakwenda, hata kama huyu mzee tutambeba juu ya keria." Alisema akimtazama Mama, kisha akakumbuka, akamgeukia Baba, akarudia yote usoni pake, pamoja na keria.

"Nitashika vizuri," Baba alisema.

Akainama kuokota nyundo yake, lakini hakuinuka. Aliitazama barabara kupitia lile dirisha tupu, watu wakipita na kuchungulia, kisha akawageukia mabinti zake, na mara hii alionekana mzee.

"Huko nje asijue mtu. Nina sanduku la watu la Ijumaa."

Dada Mkubwa akaitikia kwa kichwa, akasema jambo huku anajifuta machozi kwa kiganja, mdomo umezibika. Baba akaendelea kumtazama, anangoja.

"Toa mkono mdomoni, mwanangu," alisema. "Sema tena."

Dada Mkubwa akaushusha mkono, akasogea kwenye mwanga, akasema tena.